Spika Niliyoitengeneza Bila Kuombwa

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya vyombo vya muziki kule Garland, nilifika na spana zangu za Mombasa nimezifunga ndani ya leso ya mke wangu. Msimamizi, Mzanzibari aliyetangulia Texas miaka mingi, alizipanga mezani moja moja, akacheka.

"Hizi za milimita, bwana. Hapa watu wanapima kwa inchi. Hizi umeleta kama picha za nyumbani, za ukumbusho tu."

Kisha akanipa zake.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na miaka kumi na mitano ya kutengeneza redio, kwa hiyo nilijiona najua. Kazi yetu ilikuwa amplifaya za gitaa. Ndani yake mna vali, taa za kioo zinazopata moto na kuikuza sauti. Mna transfoma, inayobadili nguvu ya umeme. Na mna spika, ambayo sauti hutoka kwenye koni yake ya karatasi inapotikisika. Kila chombo kililetwa na karatasi ya kazi yenye maagizo ya mteja. Msimamizi alikuwa na sheria moja: kisichoandikwa hakiguswi. Anayependa kujiongezea kazi, alisema, akafungue karakana yake.

Vijana wanne wa bendi moja ya Kiingereza nilikutana nao kwenye ukumbi mmoja wa Dallas, mchana, vali yao ilipoungua wakifanya mazoezi. Walipiga panki, muziki wa gitaa wa kasi na hasira, tena ile kali kuliko zote. Nilibadilisha vali, nikakaa kusikiliza. Baada ya dakika chache za makelele nilimuuliza mpiga gitaa wataanza lini. Akaniambia wamekwisha kupiga nyimbo tisa. Alikuwa amemsikia Msimamizi akiniita Fundi kwenye simu, akadhani ndilo jina langu. Tangu siku hiyo nikawa Mister Fundi.

Waliporudi miaka miwili baadaye nilikuwa nimehamishiwa tawi la Arlington, chini ya mkuu wa tawi aliyependa kuongea kwa barua hata na mtu wa meza ya pili. Safari hii muziki wao ulikuwa umepungua mwendo. Nyimbo zilikuwa ndefu, nzito, na kulikuwa na mahali wote walinyamaza ikabaki gitaa peke yake ikiunguruma. Mashabiki wengine waliwazomea. Kesho yake mpiga gitaa alikuja kunywa chai ya maziwa kwenye meza yangu, nikamuuliza sababu.

"Nilipokuwa na miaka kumi na tisa nilikasirikia kila kitu," alisema. "Sasa najua ninakasirikia nini."

Mara ya tatu ilikuwa mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, nami nimerudishwa Garland. Alikuja na amplifaya yake mwenyewe kutoka kwao, maana sauti yake, alisema, haikodishwi. Umeme wa Uingereza una nguvu mara mbili ya huu wa Marekani, kwa hiyo ilihitaji transfoma nyingine. Walikuwa wanakwenda Houston kurekodi kwa siku tatu. Wenzake wawili walikuwa bado hawaupendi mwelekeo mpya, na alitumaini sauti hiyo ingewashawishi. Kwenye karatasi ya kazi aliandika: transfoma tu.

Niliibadilisha, nikaijaribu. Spika ikakoroma kama nyuki ndani ya mtungi. Niliifungua nikaona koni imechanika. Nilimpenda kijana yule, nikataka kumfanyia hisani. Nikatoa spika mpya kwenye kabati langu, nikaifunga, nikaitupa ile ya zamani, nisiandike kitu. Asubuhi lori la taka likapita.

Simu ikaja siku ya kwanza ya kurekodi. Mpiga gitaa alisikia sauti yake imebadilika, akawa ameanza kushuku mikono yake mwenyewe.

"Mister Fundi, uligusa chochote zaidi ya transfoma?"

Msimamizi alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu.

"Hapana," nikasema. "Transfoma tu."

Akaniomba radhi kwa kunisumbua. Kuharibu kazi ya mtu ni kosa. Lakini kuombwa radhi na mtu unayemdanganya, hilo sijalizoea mpaka leo.

Siku ya tatu niliomba ruhusa nikaendesha gari mpaka Houston. Studio ilikuwa nyumba ya kawaida upande wa Sugar Land. Niliwakuta wanakunja nyaya, wamemaliza. Nilimwita nje, nikamweleza yote.

"Kwa nini uliitengeneza?" akauliza.

"Ilikuwa mbovu."

"Ndiyo, ilikuwa mbovu. Niliichana mwenyewe. Ilinichukua msimu mzima wa baridi kupata sauti ya ubovu ule."

Akakaa kwenye bampa ya gari langu. Alicheka, kwanza kwa uchungu, halafu kicheko cha kweli. Akauliza kama bosi wangu anajua. Nikasema hajui.

"Basi asijue."

Santuri ilipotoka, vijana wa hapa walisema bendi imelegea, imejisafisha ipate kupigwa redioni. Gazeti moja la muziki lilimuuliza mpiga gitaa, akajibu kwamba ndivyo alivyotaka. Hakunitaja. Mwaka uliofuata wakatengana.

Siku niliyostaafu nilimwambia Msimamizi ukweli, ingawa nilikuwa nimeombwa nisiseme. Hakushangaa. "Nilijua una jambo," alisema. "Ulirudi kutoka Houston ukakaa siku mbili huli. Nikasema huyu amekwisha kujifukuza mwenyewe, mimi niongeze nini?"

Kazi ile ilinilipia nyumba hapa Arlington na karo za watoto, na nilitengeneza vyombo vingi vilivyostahili kutengenezwa. Wajukuu huniuliza kwa Kiingereza kama nilipata kukutana na watu mashuhuri. Nawajibu kwa Kiswahili kwamba nilikutana na mmoja, muungwana, nao hurudi kwenye simu zao.

Santuri ile bado inauzwa kwenye maduka ya vitu vilivyotumika. Ukiikuta, isikilize, na usiseme vijana wale walilegea. Mpiga gitaa wao alikwisha kufika kule alikotaka. Sauti ile safi ni yangu.