Alifungwa Mara Mbili kwa Ajili ya Choo

Habari ya kifo chake niliipata kwenye foleni ya bomba. Bomba lenyewe lilikuwa kavu, kama lilivyokuwa juma zima, lakini sisi watu wa Uvira tuna tabia ya kupanga madumu mbele ya bomba kavu, maji yasije yakatoka sisi hatupo. Mama mmoja wa Mulongwe aliyekuwa mbele yangu aligeuka akaniuliza kama nimesikia. "Ule muzee wa kamba amekufa, baba. Leo asubuhi. Banasema aliomba maji ya kunywa, na mu nyumba maji ilikuwa imeisha." Sikujua nicheke au nilie. Mtu aliyegombana na mji mzima ili tunywe maji safi amekufa na kiu, na kutoka kitandani kwake ziwa linaonekana dirishani. Nilichukua dumu langu tupu nikarudi nyumbani nimekasirika, na safu hii, wasomaji wangu, naiandika kwa hasira ile ile.

Vijana wanamkumbuka kama mzee mkorofi aliyepita ufukweni na kamba begani, akisimamisha madereva wa pikipiki kuwauliza wanajisaidia wapi. Sisi tuliomwona ujanani tunamkumbuka na kofia ya kaki. Alikuwa ajenti wa usafi tangu siku za mwisho za Wabelgiji, na amri aliyopewa kusimamia ilikuwa fupi: choo cha nyumbani kisiwe karibu na ziwa wala mto kwa chini ya hatua thelathini. Kwa kazi hiyo alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo thelathini, kila fundo hatua moja. Alipigilia kijiti pale maji yanapogusa mchanga, akafunga ncha ya kamba, kisha akatembea kuelekea choo chako huku akiiachia. Kamba ikiisha kabla hajafika, alikushukuru akaenda zake. Akifika chooni na mafundo yamebaki mkononi, aliandika kitabuni, na juma lililofuata shimo hilo lilifukiwa na jingine likachimbwa mbali na maji. Hakuna aliyempenda. Uhuru ulipokuja, watu wengi walidhani kamba imeondoka na wenyewe. Jirani yetu alifukia choo chake siku ile ile ya sherehe, akapanda viazi juu yake, na sisi tukampigia makofi. Jumatatu iliyofuata ajenti akatokea, kofia ile ile, ila ameng'oa beji. Jirani akamwuliza kama hajapata habari kwamba bazungu wameondoka. "Bazungu balienda," akajibu, "lakini mavi haikuenda nabo."

Nitasimulia yaliyotokea kwetu, kwa sababu nimeyanyamazia miaka mingi na ni aibu kuendelea. Wakati huo nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, nimeoa karibuni, naishi na mke wangu katika uwanja wa baba karibu na ufuko. Baba hakutaka maneno na serikali, ya zamani wala mpya, kwa hiyo alichimba choo kizuri kuliko vyote vya mtaa: hatua thelathini na nane kutoka majini, kuta za matete zilizokandikwa udongo, kifuniko cha mbao, majivu pembeni. Hakuna aliyekiingia. Kwa desturi yetu, mkwe mwanamke na baba wa mume wake hawawezi kukaa kwenye shimo moja, hata kukutana kwenye njia ya kwenda huko ni kudharauliana. Na karatasi ya serikali ilisema kila uwanja choo kimoja. Basi baba hakukitumia kwa kumheshimu mkwe, mke wangu hakukitumia kwa kumheshimu baba, mama hakutaka kumwacha mkwe wake aende peke yake, na mimi msomi nilifuata wengine. Sote tulikwenda kwenye matete ya ufuko, pale pale karibu na tulipochota maji. Choo chenyewe mama alikifanya ghala la ndagala wakavu, kwa maelezo kwamba hakuna mwizi anayetafuta samaki chooni.

Ajenti alipokuja alipima, kamba ikaisha mbali, baba akatabasamu. Lakini yule mtu hakuondoka. Alikizunguka choo polepole huku anatazama chini.

"Muzee, hii choo iko safi kupita kanisa," akasema. "Njia yake iko wapi?"

"Njia gani?" baba akauliza.

"Choo ya bantu iko na njia. Bantu banapita kila siku, majani inakufa. Hapa majani iko inaota mupaka ku mulango."

Akafungua mlango, na magunia ya ndagala yakamtazama. Baba alipandwa na hasira. "Minye na muke ya mutoto yangu tuingie mu shimo moja? Kwenu munafanyaka hivi? Weye haukuzaliwa na muntu?" Nilitegemea faini au matusi. Ajenti alivua kofia, akakaa juu ya gogo, akasema, "Basi, muzee, muchimbe mbili. Moja huku kwako, moja kule kwa mukwe, na njia zisionane." Nikamkumbusha kwamba karatasi inasema kimoja. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mjinga. "Mwalimu, karatasi haina bamukwe."

Tulichimba viwili, na kwa miezi michache uwanja wetu uliishi kama watu. Nyumba nyingine za ufuko ziliiga, na matete yale yakaanza kunuka matete. Kisha akaja mkubwa wake mpya kukagua, kijana wetu mwenyewe, si Mbelgiji, mwenye suti na fomu mkononi. Fomu ilikuwa na nafasi ya choo kimoja kwa kila uwanja. Alihesabu viwili, akasema cha pili ni cha magendo, akaamuru kifukiwe, na vya majirani hivyo hivyo. Ajenti alibisha mpaka akatishiwa kufukuzwa kazi. Mimi, mtu pekee wa uwanja wetu aliyeweza kusoma ile fomu na kumwambia mkubwa yule kwamba haikukataza cha pili, nilisimama nikitikisa kichwa kukubali, kwa sababu suti ilinitisha. Kilichofukiwa kilikuwa cha mke wangu. Akarudi kwenye matete, na wanawake wengine wakarudi. Masika yale kuhara damu kulipita ufuko mzima, na binti yetu wa kwanza, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, aliugua siku tatu, tukamzika. Ajenti alikuja kwenye kilio, kofia mkononi, akaniambia, "Mwalimu, ilifaa nikatae kufukia." Nilimchukia kwa miaka kadhaa, maana ilikuwa rahisi kumchukia yeye kuliko kujitazama mwenyewe.

Kisha maasi yakafika. Wapiganaji walipoushika mji, mtu mwenye kofia ya serikali na kitabu mkononi hakuwa na maisha marefu, na makarani wengi walichoma karatasi zao wakakimbilia mlimani. Huyu wetu alikwenda kijiji cha Makobola kupima vyoo. Wakamkamata njiani na kofia, na kitabu, na kamba, wakamfunga mikono. Yaliyofuata nimeyasikia kwake mwenyewe mara nyingi, na kwa mchuuzi mmoja wa samaki aliyeyaona kwa macho.

"Weye uko muntu ya serikali?" mkubwa wao akamwuliza.

"Minye niko muntu ya choo."

Wakacheka. Mkubwa hakucheka. "Choo ya serikali?"

"Choo haina serikali, mukubwa. Hii maji munakunywa, munaichota wapi?"

Mkubwa akaonyesha ufuko kwa mdomo. Na maji ya dawa, yale wanayonyunyiziwa vijana ili risasi zisiwaingie? Ufuko huo huo. Basi yule mwendawazimu, mikono ikiwa imefunguliwa kwa sababu walitaka kuona mwisho wa kichekesho, akapigilia kijiti chake ukingoni mwa maji akaanza kutembea. Alifika walipojisaidia wapiganaji akiwa ameachia mafundo tisa tu. Kando yake, kivulini, vijana zaidi ya kumi walikuwa wamelala wameshika matumbo. "Mukubwa," akasema, "risasi labda haitabauwa. Hii maji ndiyo itabauwa." Mchuuzi yule aliniambia kwamba hapo kila mtu alifumba macho akisubiri mlio. Mkubwa aliwatazama vijana wake waliolala, akatazama ile kamba, akasema neno moja: "Chimba."

Akachimba majuma kadhaa, akawafukuza kwenye matete hata wapiganaji wenye bunduki, na wagonjwa wakapungua. Jeshi la serikali liliporudi, unadhani alipewa nini? Jirani yetu, yule mwenye viazi, alimnyooshea kidole: huyu aliwachimbia waasi vyoo. Wakamfunga miezi mingi. Huku waasi nusura wamwue kwa kuwa mtu wa serikali, huku serikali inamfunga kwa kuwa mtu wa waasi, na kosa lake pande zote mbili lilikuwa shimo lililo mbali na maji. Alipotoka jela, amekonda, hakuna aliyemwomba radhi. Alifika nyumbani akaulizia kamba. Mke wake alikuwa ameifungia mbuzi. Akamfungua mbuzi, na asubuhi yake tukamwona ufukweni.

Siku ya mazishi yake nilisikiliza hotuba nne. Wote waliosema walikuwa wakubwa, na wote walimwita nguzo ya afya ya wakaaji. Wawili kati yao najua kwamba alikuwa akiwaandikia barua, kwa sababu mimi ndiye niliyemsahihishia Kifaransa chake, na najua hawakumjibu. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini haya yalikuwa masikio mazima, yenye afya, yaliyokaa kwenye viti vya mbele. Siku hizi tuna semina za maji, tuna fulana za semina za maji, tuna vibao vya rangi vinavyotuambia tunawe mikono. Ufuko umejaa nyumba za saruji zenye vyoo vya vigae, na nyuma ya kila nyumba kuna fosi septiki, lile shimo la saruji la kupokea maji ya chooni, na ukichungulia ukutani upande wa ziwa mara nyingi utaona bomba dogo limetoka kimya kimya. Ziwa nalo limepanda miaka hii, limemeza bustani na kuta, limekuja lenyewe kutafuta mafosi. Sheria ipo. Ofisi ipo. Ukiuliza nani anapima, ofisi hii inakutuma ofisi ile, na ile inakurudisha ulikotoka. Mkoloni alipima kwa kututisha, sisi tukafanya uhuru kuwa ruhusa ya kutopima. Nimechoka kusikia kwamba tunahitaji fedha za mradi ili kujua umbali wa choo kutoka majini. Mtu mmoja alijua kwa kamba ya katani.

Hapo ningeweza kuweka kalamu chini, nimewasema wakubwa na mmenipigia makofi. Lakini siku ya kuondoa matanga binti yake aliniita pembeni akanikabidhi kamba ile, imekunjwa vizuri, inanuka moshi. "Baba alisema tumupatie mwalimu. Alisema mwalimu anajua." Nilijua, ndiyo. Miaka miwili iliyopita alikuja kunitembelea katika nyumba ambayo watoto wangu wamenijengea, pale pale kwenye uwanja wa baba. Nilimpa chai. Aliiweka kamba mezani, kati ya vikombe, akanitazama. Mimi nikaanza kuzungumzia bei ya mafuta, kisha mpira, kisha ugonjwa wa goti langu, mpaka akamaliza chai, akachukua kamba yake, akaniaga. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Jana asubuhi niliteremka ufukweni na kijiti. Nilikipigilia pale maji yanapogusa mchanga siku hizi, si pale yalipokuwa mafundi walipojenga, nikafunga ncha, nikatembea kuelekea kwangu huku nikihesabu kwa sauti ili nisijidanganye. Nilifika kwenye fosi yangu, na mkononi yalikuwa yamebaki mafundo kumi na moja. Niliyahesabu tena. Nyumba hii imesimama hatua chache kutoka pale tulipokuwa tunachota maji mwaka ule wa msiba wetu, na mimi, baba wa yule mtoto, nimeishi humu miaka sita nikiandika makala juu ya uzembe wa serikali. Nimewaita wachimbaji, Jumatatu fosi itavunjwa na nyingine ichimbwe juu, kando ya barabara, na vyoo vya vigae vitafungwa hadi hapo. Majirani wataniona nikienda kuomba choo na kopo mkononi, na wana ruhusa ya kucheka. Wakimaliza, kamba ninayo, na nitaanzia kwao. Hilo ndilo somo alilokufa akisubiri nilijifunze: kipimo cha maji ya watu huanzia kwenye choo cha anayepima.

Nilipogeuka kwenda kung'oa kijiti, nilimkuta yule mama wa Mulongwe ameinama pale pale kilipo, anajaza dumu lake. Bomba lilikuwa bado kavu.

"Mama, usichote hapa," nikamwambia. "Hii maji iko mubaya. Ni choo yangu."

Aliinua kichwa, akaitazama nyumba yangu, akaitazama kamba mkononi mwangu, dumu limejaa nusu.

"Sasa, baba," akaniuliza, "nichote wapi?"