Kasha la Mama Rudia

Shemeji yangu ni fundi wa friji, na kitu chochote chenye mlango lazima akikague mpira kwanza. Atapapasa ukingo kwa kidole, atafunga, atafungua, atatega sikio. Ndivyo alivyo, na dada yangu alimpenda hivyohivyo alivyo. Kwa hiyo siku tulipokwenda kununua kasha la kuzamishia kamera majini, nilijua tangu mlangoni kwamba hapo dukani tutaota mizizi.

Dada yangu ndiye Mama Rudia. Msidhani ana mtoto anayeitwa Rudia. Jina hilo alipewa na wateja. Studio yake ya picha iko ghorofani, juu ya duka la viatu, na ukikaa kwenye kile kigoda cha bluu, uwe bosi uwe muuza mkaa, utaisikia sauti kutoka nyuma ya kamera: "Umefumba macho. Tunarudia." Watu walilalamika, wakacheka, wakarudia. Wako waliofumba macho makusudi ili mradi waambiwe. Mimi mdogo wake nakaa kaunta. Nasafisha picha kwenye kompyuta, nakata za pasipoti, na kugombana na wanaotaka niwapunguzie kidevu.

Halafu kiharusi kikampiga, asubuhi, mswaki ukiwa mdomoni. Kilichukua upande wote wa kulia. Mguu ukawa wa kuburuza, mkono ukalala, mdomo ukapinda, na yeye aliyekuwa na maneno kama redio akawa anatoa moja moja kwa taabu. Sasa niambieni, kamera zote hizi, kitufe cha kupigia kiko upande gani? Kulia. Sijui ni nani aliyeamua hivyo, lakini nimemsema vibaya mara nyingi sana. Na ile kamera yake ni jinamizi la uzito, kwa mkono mmoja tena wa kushoto haishikiki.

Tulijaribu, jamani. Tulimwekea kamera kwenye stendi, tukamfungia waya wa kubonyezea kwa mkono wa kushoto. Alikaa nayo asubuhi moja tu. Akapiga familia ya watu watano, akauweka waya chini, akasema, "Hii kazi ya mlinzi. Kukaa na kusubiri watu wapite." Kwa sababu dada yangu hapigi picha akiwa amekaa. Atakuzunguka, atachuchumaa, atapanda meza, mpaka akupate. Siku ile kamera ikaviringishwa kwenye taulo ikaenda kabatini. Studio nikabaki nayo mimi na stendi, na picha zangu zote zinatoka za watu wenye wasiwasi. Ile sauti ya kurudia hatukuisikia tena. Na yeye mwenyewe akakataa kabisa kupigwa picha, hata ukiinua simu kuangalia saa tu, anageuza uso.

Kilichotutoa hapo ni bwawa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mmoja mwenye misuli na sauti ya kuamrisha, alimpeleka kwenye bwawa la mazoezi. Maji yalipomfika kifuani akamwambia aweke fimbo yake ya kutembelea pembeni. Dada yangu akatembea. Alitembea mwenyewe, kutoka ukuta hadi ukuta, mguu mbele ya mguu. Shemeji alikuwa amesimama ukingoni na kisanduku chake cha vifaa mkononi, akalia waziwazi mbele za watu bila hata kujifuta.

Akarudi nyumbani na wazo lake. Ampige picha mke wake akitembea, chini ya maji, miguu yote miwili ikionekana. Uso hataki uonekane, sawa, uso utabaki juu. Picha itatundikwa ukutani mbele ya kitanda, ili kila akiamka na kusema siwezi, aione. Moyoni nilisema huyu leo atarushiwa sahani.

"Kwa kamera gani?" dada akauliza.

"Kwa yako, mama. Nzuri kuliko hiyo tutaitoa wapi?"

"Haya."

Akakubali haraka hivyo. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, mimi ninayejidai kumjua.

Na kulikuwa na jambo jingine. Siku chache baadaye niliingia chumbani kwake na chai, nikamkuta amelala chali, kamera kaiegemeza kwenye mto juu ya kifua, jicho kwenye kidirisha cha kuchungulia, na ameishika juu chini. Kitako cha kamera kikiangalia dari. Nikasema taratibu, "Dada, umeipindua." Akaendelea kuchungulia. Nikaweka chai, nikaenda kulia jikoni. Nilimwambia shemeji kwamba sasa ni ubongo, na maskini wa Mungu akapiga simu kwa yule mtaalamu kuuliza kama ni dalili mbaya.

Basi tukaenda dukani, sisi watatu. Ni duka jembamba la vifaa vya kuzamia, mitungi ya hewa imepangwa ukutani na suti nyeusi za mpira zimening'inia. Nyuma ya kaunta kuna tangi la kioo lililojaa maji, la kujaribia vitu. Mwenye duka ni mama mmoja mtulivu, miwani kaipandisha kwenye nywele. Dada tulimkalisha kwenye kiti karibu na mlango, kamera mapajani, kwa sababu alikataa tuibebe sisi.

"Kamera yenyewe ni ipi?" mama wa duka akauliza, akaja kuiangalia. "Aa, hii ni ya zamani. Makasha haya, ndugu zangu, kila moja limetengenezwa kwa kamera yake. Kila kitufe cha nje lazima kiangukie kitufe cha ndani. Kwa hii ninayo mawili tu, na yote yameshatumika."

Alituonyesha kwanza mfuko laini wa plastiki unaoingia kamera yoyote. Shemeji akacheka. "Huo ni wa kufungia mkate," akasema.

Kasha la kwanza lilikuwa la alumini, jeusi, zito, lenye pete mbili za mpira za kuzuia maji, na ndani kikengele kinacholia tone likiingia. La pili lilikuwa la plastiki nene unayoona ndani, limechubuka pembeni, pete moja tu. Lina mishikio miwili mikubwa huku na huku, na kitufe chake cha kupigia si kitufe hasa, ni kishikizo kirefu cha kuvuta kwa kidole, kimechomoza nje.

Unadhani shemeji aliangalia kishikizo? Thubutu! Aliangalia pete. Alipapasa, akakunja, akanusa. Na mama wa duka naye kumbe ni walewale. Wakaanza kuzungumza kuhusu mpira, mafuta ya kuupaka, na jinsi unavyokauka ukiachwa juani, wakaelewana kama watu waliosoma darasa moja.

"Shemeji, rudi nyuma," akaniambia ghafla.

"Nimefanya nini?"

"Nywele zako za bandia zinadondoka. Unywele mmoja tu ukilala juu ya pete, maji yamepata njia."

"Kweli kabisa," mama wa duka akaunga mkono.

Nikafunga kichwa kitambaa huku nimenuna. Watu wakikutana na wazimu wao, wewe mwenye akili ndiye unayeonekana msumbufu.

Wakayajaribu makasha yote bila kamera. Waliweka karatasi ya chooni ndani, wakafunga, wakazamisha kwenye tangi, wakasubiri, wakatoa. Karatasi zote mbili zilikuwa kavu. Shemeji akalikumbatia lile la alumini. "Hili," akasema. "Pete mbili na kengele juu. Hapa hata mimi nalala usingizi."

"Mbona hamniulizi?"

Tukageuka. Dada alikuwa anatuangalia kutoka kwenye kiti chake.

"Tukuulize nini, mama?" shemeji akasema kwa upole. "Wewe utakuwa unapigwa tu."

"Nani kasema?"

Shemeji akaliweka kasha la alumini juu ya kaunta.

"Nisogezeni kwenye maji," dada akasema.

Tulivuta kiti mpaka kwenye tangi. Alizamisha mkono wa kushoto, akaomba la alumini. Akalishika ndani ya maji na kuligeuza juu chini, polepole, mpaka upande wa kulia wa kasha ukawa kushoto kwake. Kidole gumba kikaanza kutafuta kitufe, ambacho sasa kiko chini. Akakipata, akabonyeza. Kilikuwa kimezama kwenye chuma, kigumu, kidole kikateleza. Akabonyeza tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akaliachia, na uso wake ulivyokuwa wakati ule sitaki kuukumbuka.

"Lile," akasema.

Tukampa la plastiki. Akaligeuza vilevile. Mshikio wa kulia ukamjia kwenye kiganja cha kushoto, na kile kishikizo kirefu kikawa kiko palepale, chini ya kidole gumba. Akakivuta kidogo tu, kikaenda. Akakivuta tena. Akapeleka kasha kulia, akalirudisha kushoto, akaliinua, akalishusha, mkono hautetemeki.

"Halina uzito," akasema. "Ndani ya maji halina uzito."

Kwa hesabu zake za siku zile, hiyo ilikuwa hotuba nzima. Na mimi hapo ndipo kichwa kilipofunguka.

"Dada! Kumbe kule kitandani..."

"Nilikuwa nafanya mazoezi. Wewe ukaenda kulia jikoni."

"Sasa utaona nini, na kamera iko juu chini?"

"Kidirishani watu wamesimama vilevile." Akapumzika, akatafuta maneno. "Picha ndiyo itapinduka. Utaigeuza wewe. Si unakaa bure kwenye kompyuta?"

Loo! Mwaka mzima nimemwogesha, nimemlisha, leo nakaa bure. Nilifurahi mpaka nikasahau kukasirika.

Lakini shemeji hakufurahi. Alilichukua lile la plastiki, akapitisha kidole kwenye ile pete yake moja, akakizungusha mara kadhaa. Nilimwelewa. Kamera ile ni moja tu, haitengenezwi tena. Dada aliinunua alipofungua studio, na harusi yao wenyewe ilipigwa na hiyohiyo.

"Pete moja, mama," akasema. "Maji yakiingia, kamera imekufa. Na utajilaumu, nakujua."

"Imeshakufa," dada akasema. "Tangu iende kabatini."

Alisema bila ukali, kama mtu anayemweleza mteja kwamba karatasi zimeisha. Shemeji akasimama pale na kasha mkononi. Kisha akalisukuma lile la alumini mbali juu ya kaunta, akamwambia mama wa duka, "Tufungie hili. Na unipe pete ya akiba na yale mafuta."

Siku ya kwenda bwawani alijifungia chumbani na kasha asubuhi yote. Mimi na nywele zangu tulipigwa marufuku hata kupita mlangoni. Alipotoka, kamera ilikuwa ndani, inaonekana kupitia plastiki, na pete imepakwa mafuta inang'aa.

Yule mtaalamu alimwingiza dada majini na kumvalisha miwani ya kuogelea. Maji yalipomfika kifuani tukampa kasha. Akaligeuza juu chini, akalizamisha. Papo hapo mapovu yakapanda mfululizo.

"Toa!" shemeji akapiga kelele. "Toa, toa, linavuja!"

Dada hakutoa. Mimi nilishika kichwa. Mtaalamu akainama kuangalia, akasema kwa ile sauti yake, "Ni hewa iliyokuwa kwenye mishikio. Tulieni." Na kweli, mapovu yakapungua, yakaisha. Ndani ya kasha palikuwa pakavu.

Dada akamwangalia mume wake pale ukingoni, akamwita kwa kidevu.

"Mimi?" shemeji akasema. "Sijui hata kuogelea."

Akamwita tena. Basi akavua shati, akaingia na kaptura yake ya kazini, mikono juu kama anayesalimu amri, mpaka akasimama mbele ya mke wake. Dada akaonyesha chini kwa kidevu. Shemeji akabana pua, akajaza mashavu, akazama. Dada naye akazama, mtaalamu kamshika kiuno. Niliwaona kupitia maji, mmoja mnene wa mashavu, mwingine na kasha usoni, anasogea kumzunguka. Anamzunguka kwa miguu yake mwenyewe, kama alivyokuwa akiwazunguka watu wote studio.

Wakaibuka wanakohoa. Mtaalamu akambebea kasha, maana huku juu uzito wake ulikuwa umerudi. Dada akainamisha kichwa upande, akakikodolea macho kile kioo cha nyuma ya kamera ambapo picha ilikuwa imepinduka. Maji yalikuwa yanamchuruzika puani. Aliangalia kwa muda mrefu, kisha akamgeukia mume wake.

"Umefumba macho," akasema. "Tunarudia."

Sikuwa nimeisikia ile sauti tangu siku ya mswaki. Shemeji naye aliisikia. Midomo ikaanza kumcheza, akanitazama, akaona na mimi sifai, akabana pua akazama upesi kabla hatujaona vizuri. Safari hii alifumbua macho.