Jiwe Chini ya Kichwa

Niliondoka nyumbani kwa sababu kaburi lilikuwa wazi, na kwetu Bunyore kaburi halikai wazi bure.

Aliyelifungua ni baba mdogo Zablon, na hapa sitamstahi. Habari zilikuwa zimetufikia kwamba huko Nairobi, kati ya Ziwani na Kariokor, watu waliokuwa wakichimba mtaro wa bomba wamekuta mifupa ya wapagazi wa ile vita ya kwanza ya wazungu, wale waliobebeshwa mizigo ya jeshi na wasirudi. Jina Kariokor lenyewe latokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Kila familia yenye mtu aliyepotea iliitwa ikatoe mate ya kulinganisha na mifupa, na iseme neno lake: wafukuliwe wote watafutiwe majina, au waachwe walale?

Sisi tulikuwa na wetu, Mzee Andayi, baba wa babu yangu. Alichukuliwa babu angali mgongoni. Ukoo ulipochoka kungoja ulizika mgomba badala yake, umefungwa shuka, kama ada inavyotaka kwa mtu ambaye mwili wake haukuonekana. Basi Zablon, kusikia neno mifupa tu, akashika jembe akalifukua lile kaburi la mgomba ili ampishe Mzee Andayi mwenyewe. Mgomba ulishaoza; hakukuta kitu ila udongo.

"Baba mdogo," nikamwambia, "umetandika kitanda na hujui kama mgeni yupo."

"Atakuja," akasema.

Na shimo la kaburi likishachimbwa kwetu halifukiwi tupu. Lisipopata wake, wazee husema, litatafuta mwingine. Mama zetu walianza kuwafungia watoto ndani ya nyumba mchana kweupe.

Siku ya kuondoka nilikuwa nimemaliza sanduku la mifupa. Mimi ni seremala, na mbao za mvule nilikuwa nazo. Urefu nilipima kwa paja langu, maana mfupa wa paja ndio mrefu kuliko yote. Huo ukiingia, mingine itaingia. Nililifunga ndani ya gunia nikaenda kumchukua Senje Respa. Senje ndivyo tunavyomwita shangazi, na huyu ni dada ya marehemu baba, mkubwa wa wote tuliobaki, mwenye neno la mwisho katika jambo hili. Miguu inamsumbua, lakini kichwani hakuna kilichopungua.

Baada ya kituo cha Luanda, basi liliposhika barabara kuu, alisema bila kunitazama, "Baba yangu alikufa akisema babake alitupwa kama mbwa. Aliingia kazi ya reli ili afike Nairobi amtafute. Hakuona kitu. Mimi simwachi kule, Elphas."

Nikasema sawa. Nani angembishia?

Mtaani Kaloleni, Nairobi, tulifika jua likielekea kuzama. Tulipokewa na Betty, binti yake Senje, anayeishi kwenye zile nyumba za mawe walizojengewa wafanyakazi zamani. Betty anauza viatu vya akala soko la Kariokor na ulimi wake haupumziki.

"Mathe, karibu. Na wewe Elphas, niaje? Majirani wanauliza kama hiyo gunia ni kuku."

"Waambie kuku huyu haliwi."

Alilipapasa gunia, akajua ni nini, akaondoa mkono. Usiku ule sanduku lililala chini ya meza, na hakuna aliyeweka kitu juu ya ile meza.

Asubuhi, gunia likiwa begani mwangu, tulipitia kwanza kibandani kwa Betty, kwa sababu Senje alitaka kukaa kidogo. Pande zote watu walikuwa wakikata matairi na kugonga misumari. Senje aliokota akala moja, akaigeuza, akaipima kwa kiganja. "Babu alikwenda miguu mitupu," akasema, akairudisha mahali pake.

Kutoka hapo si mbali. Uwanja ulikuwa umezungushiwa mabati, na ndani kulikuwa na benchi moja na hema. Kwenye benchi aliketi mama mmoja wa makamo aliyejitambulisha kuwa Wangari, wa Dandora. Babu yake pia alichukuliwa vitani. Daktari wa kuichunguza ile mifupa alikuwa msichana mwenye buti zilizojaa tope. Alimsalimu Senje kwa mikono miwili, akatupeleka penye hema na kufunua turubai.

Nimetengeneza majeneza tangu ujana wangu, nimewaona wafu wengi, lakini si kama hawa. Walilala safu moja, bega kwa bega, wote wakielekea upande mmoja. Udongo mweusi ulikuwa umeondolewa juu yao kwa uangalifu sana, na walionekana wazi kabisa, hata vidole. Nilivua kofia. Makelele ya soko yalikuwa yakisikika nyuma yetu, na mimi niliogopa kupumua kwa nguvu.

Senje aliinama. Mmoja wao hakuwa na meno ya mbele ya chini, na mfupa ulikuwa umejiziba, ishara kwamba yaling'olewa angali kijana. Ndivyo walivyofanya wazee wetu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa hivyo hivyo.

"Huyu ni wa kwetu," Senje akasema. "Elphas, leta sanduku."

"Nyanya," daktari akasema polepole, "wenye pengo kama hilo ni wengi hapa. Sijui ni yupi. Nikitaka kumwinua mmoja, lazima niwainue wote, wamebanana. Kwa kutafuta jina tu, jino moja la kila mtu huenda likatosha, na wabaki walivyolala."

Senje alikuwa akitazama kitu kingine. Akanyoosha fimbo. "Lile jiwe chini ya kichwa chake ni la nini?"

Hapo ndipo na mimi nikaona. Kila kichwa kilikuwa kimelazwa juu ya jiwe bapa.

"Kila mmoja analo," daktari akasema. "Na udongo huu ni mfinyanzi mtupu, hauna mawe. Kuna watu waliyabeba kutoka kwingine wakaja nayo."

Niliwafikiria wapagazi wale, wagonjwa, wenye njaa, migongo imechubuka kwa mizigo ya watu wengine, halafu jioni mtu anakwenda kutafuta jiwe la kumwekea mwenzake. Wala hawakuwa wa lugha moja. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Senje alipiga magoti kwa taabu, Betty akimshika. "Hawakutupwa," akasema. "Baba, hawakumtupa. Alizikwa."

Alipoinuka alikuwa ameamua. "Mate nitatoa, na jino mchukue. Lakini hata ikijulikana ni yupi, wangu asitolewe. Aandikwe jina hapo hapo kichwani pake. Siwezi kuwavuruga waliomlaza."

"Mimi siwezi kusema hivyo," Wangari akasema kutoka nyuma yetu. Hakuwa na hasira. "Wewe mama umezika hata mgomba. Kwetu hakuna mahali popote pa kusimama tukasema ni hapa. Babu yangu akijulikana, nampeleka nyumbani."

Senje alikuwa na haki ya kubisha, na mimi nilimngoja abishe. Badala yake akanigeukia. "Mpe sanduku."

"Senje, hili ni la..."

"Mpe." Akamgeukia Wangari. "Mtamalizana na daktari, binti yangu. Wako akitoka, asitoke mikononi mwa watu kama kuni."

Wangari alilipokea, akakaa nalo mapajani. Jambo la wale wapagazi halikuishia siku ile, na sijui litaamuliwaje. Kila familia ina kilio chake. Sisi tulitoa mate tukaondoka.

Tuliporudi Bunyore, Zablon alikuwa amesimama kando ya shimo, macho kwenye mikono yangu mitupu. Senje alimwambia akate mgomba. Wakaufunga shuka jipya. Kisha akatuma watu mtoni, wakaleta jiwe bapa, na akakataa mtu yeyote kushuka kaburini ila mimi.

Niliweka jiwe upande wa kichwa, nikaupokea ule mgomba na kuulaza juu yake taratibu. Nilichojifunza safarini ndicho nilichofanya kwa mikono ile ile mitupu. Senje alichungulia kutoka juu, akasema, "Msogeze kidogo, Elphas, shingo imekaa vibaya."

Nikamsogeza.