Mama Hasikii

Mwishoni mwa kipupwe mama alinipigia simu akaniambia kwamba tangu apone yale mafua makali, hasikii. "Mwanangu, siku hizi sisikii kabisa," alisema. Nikapandisha sauti papo hapo. Nilimuaga kwa kelele mpaka wenzangu wa ofisini wakageuka kunitazama.

Mimi kazi yangu ni maneno. Naandika matangazo ya redio hapa Singida mjini: vifaranga, magodoro, mafuta ya alizeti. Ukisikia sauti nzito inasema "bei nafuu, wote mnakaribishwa", ujue kuna siku niliketi nikayafikiria hayo. Nalitaja hili ili msomaji asidhani kosa lililofuata lilifanywa na mtu asiyejua Kiswahili.

Jumamosi nikaenda Ilongero, ambako mama anaishi peke yake tangu baba afariki. Nilisimama mlangoni nikapaza shikamoo iliyowatawanya kuku. Mama akanitazama kidogo, kisha akaitikia marahaba kwa sauti kubwa vilevile. Nikasema moyoni, ndivyo walivyo wasiosikia, hawajui kama wanapiga kelele. Tulishinda tukiulizana habari za mtama kwa namna hiyo, na jirani alipita kuuliza kama kuna ugomvi.

Nikampelekea dawa ya masikio. Akaipokea, akashukuru, akaiweka juu ya kabati. Nikamnunulia redio yenye spika kubwa, akaifunika kitambaa cha kufuma. Hayo ningeyavumilia, ila mama alikuwa anakonda. Kila nikienda, kanga inamzunguka zaidi. Mlenda, ambao mama yangu angeweza kuula asubuhi, mchana na jioni, sasa aliuonja tu akasukuma bakuli. "Chakula hakina habari," alisema. Nilidhani ni huzuni ya uziwi.

Jioni moja nilimpigia kaka yangu aliyeko Mwanza. Nilikuwa nimekaa mkekani, mama pembeni yangu anachambua choroko. Kwa kuwa hasikii, sikuona sababu ya kutoka nje. Nilimwambia kaka kwamba mama anaisha, kwamba naogopa, kwamba kazini wananiona mkali lakini mama akiondoka sitakuwa na mtu duniani wa kuniita mtoto. Mama aliendelea kuchambua choroko zake.

Huku ofisini, mkuu wetu aliona matangazo yamelala. Akamwita mtaalamu kutoka Dodoma atufundishe kuitumia milango mitano ya fahamu ili tuwe na afya, ubunifu na kasi ya kazi. Mimi semina sizipendi, hasa zinazoanza kwa kupiga makofi. Tuliambiwa macho yakichoka tuyapumzishe kwa kutazama mbali, tukatazama jabali lililo nje ya dirisha, maana Singida kitu kisichoadimika ni mawe. Tuliambiwa tushike kitu cha baridi kabla ya kuanza kuandika. Mhasibu akashika funguo za ofisi. Kisha tukafumba macho, na kila mtu akapitishiwa ganda la limau puani.

"Unasikia nini?" mtaalamu akamuuliza mhasibu.

"Nasikia limau."

"Na wewe?"

"Bodaboda, hapo nje," akajibu mtangazaji wa asubuhi.

"Na wewe?"

"Njaa," akasema dereva. Hakuwa anatania, saa ya chai ilikuwa imeshapita.

"Wote mmepata," akasema mtaalamu. "Mnaona, kusikia si kwa masikio tu."

Nikafumbua macho kabla hatujaruhusiwa. Niliyafikiria yale mafua, na lile bakuli la mlenda lililosukumwa. Nikatoka bila kuaga, nikapanda bodaboda mpaka Ilongero.

Mama alikuwa uani. Nilimwamkia kwa sauti ya chini kabisa, akaitikia.

"Mama, uliposema husikii, ni nini usichosikia?"

"Harufu. Na utamu. Si nilikwambia?"

"Na masikio?"

"Masikio yangu yana nini? Wewe ndiye umekuwa kiziwi. Nilijua ni hivyo vidude mnavyovaa masikioni huko redioni. Sikutaka kukuaibisha, nikawa napaza sauti ili unipate."

Basi ndivyo ilivyokuwa: tulikuwa tumepigiana kelele muda wote huo, kila mmoja akimhurumia mwenzake. Ndipo nikaikumbuka simu ya kaka.

"Na siku ile naongea na kaka?"

"Nilisikia," akasema. "Yote." Akatazama pembeni, na mimi nikatazama pembeni. Niliona aibu, na ndani ya aibu ile nilifurahi.

Nilimpeleka hospitali. Daktari akasema harufu huenda ikarudi polepole, na huenda isirudi, yeye hawezi kuahidi. Akashauri mama awe ananusa vitu anavyovijua, asubuhi na jioni, huku akivikumbuka. Kwa hiyo mimi nisiyependa semina nikawa naendesha semina ya mtu mmoja huko Ilongero. Nilimpangia limau, kitunguu na samli. Yeye akaongeza udongo wa zizini, akasema huo ndio anaouamini. Ananusa, anafikiri, anatikisa kichwa. Ili ale kidogo nilimkaangia karanga na bisi za mtama, vitu vinavyolia mdomoni. "Hiki angalau kinasema kitu," alisema, na kweli alikula, ingawa si kwa kushiba.

Nikiwa kazini niliandika tangazo la mafuta ya alizeti linaloanza na kitunguu kikilia kwenye kikaango, na mama akimwita mtu aje kula. Mteja alilisikiliza mara mbili, akauliza bei nafuu imekwenda wapi.

Miezi ilipita na mama hakusikia hata moshi. Nilianza kukata tamaa, nikawa naweka limau mbele yake kwa mazoea tu. Jumapili moja nilikuwa jikoni nakaanga karanga za kutwanga kwenye mboga, simu mkononi, nikijibizana na yule mteja. Mama alikuwa uani, ameketi anasuka ungo.

"Unaunguza," akasema.

"Nini?"

"Karanga. Nasikia zinaungua."

Nilitazama. Zilikuwa nyeusi upande mmoja. Nilizitwanga hivyohivyo, sikuwa na nyingine, na mama akaila ile mboga chungu mpaka akafuta bakuli kwa tonge, akaomba tena. Nilimpakulia huku machozi yananitoka, wala sikuyaficha. Akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mtoto, usililie kwenye mboga. Chumvi inatosha, naisikia."