Pétronille na Jile la Musoki

Kama kuna kitu ambacho Pétronille hakukisamehe mwaka ule, ni jile la Musoki. Lilikuwa koti la kijani lisilo na mikono, lenye mifuko minne na picha ya ndege kifuani, na Musoki alilivaa hata kwenda kununua chumvi. Pétronille, akiwa mlangoni pake katika mtaa wa Nyakasanza anasuka mkeka, alijua limepita kabla hajainua macho. Mate yalimgeuka machungu mdomoni. Tuseme ukweli tangu mwanzo, maana mtaani hadithi hii imesimuliwa kwa namna nyingi: mama yule alikuwa na wivu, tena wivu wa kukosesha usingizi.

Wala hakuwa mwanamke wa hivi hivi. Alizaliwa upande wa Bule, binti wa mama aliyesuka mikeka ya mafunjo, yale majani marefu ya kinamasi yenye vichwa vya timutimu. Vita vilipomfukuza huko alishuka Bunia na mume, watoto wanne na mundu wa mama yake. Mume alifariki kwa homa. Watoto walisoma, wawili wakafika hadi diploma, wote kwa mikeka ya kuanikia mihogo na mikeka ya kufunika dari. Miaka ile watu walisema amani imerudi, ila kila nyumba ilikuwa na mfuko uliofungwa tayari nyuma ya mlango. Pétronille naye alikuwa na wake. Mundu tu ndio hakuuweka humo, kwa sababu aliuhitaji kila siku.

Bonde la mafunjo lilikuwa chini ya mtaa, nyuma ya shamba la misheni. Wakataji walikuwa kama kumi, wote wanawake, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Hakuna aliyemchagua. Alikuwa wa kwanza kuingia majini kila msimu, basi wengine wakazoea kumfuata.

Katika bonde lile walikuwa wamebaki korongo wa taji wawili, mume na mke. Kwao Bule, Pétronille alipokuwa mtoto, aliwaona hata thelathini kwenye malisho, wakitembea kati ya ng'ombe kwa maringo kama wageni wa harusi. Kisha mabonde yakakaushwa ili kulima maharagwe na kabichi, mengine yakachimbwa matofali. Vifaranga vikakamatwa vikauzwa kwa matajiri wanaopenda kuona ndege mwenye taji akizunguka uani, na ndege wa uani hatagi. Ukiwauliza watu korongo wamekwenda wapi, walijibu wamekwenda kwingine. Huko kwingine nako walijibu hivyo hivyo.

Hawa wawili walibaki kwa sababu ya fundo. Ilikuwa desturi aliyoileta Pétronille kutoka kwa mama yake: ukiona kiota ndani ya mafunjo, unakusanya vichwa vya kichaka kile na kuvifunga pamoja, fundo moja kubwa, na mundu wowote unapita mbali. Aliyefunga ndiye anayefungua, vifaranga vikishatembea. Fundo likishafunguliwa, kichaka ni cha yeyote, na yai likikutwa humo linahesabiwa kuwa yai viza, lililoachwa na wenyewe. Wakataji wote waliishika sheria hiyo, hata wale ambao nyumbani kwao hawakushika sheria yoyote.

Musoki alikuja kutoka Butembo na watoto wawili na godoro moja. Alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye masomo ya sekondari yasiyomsaidia kitu. Pétronille ndiye aliyemwingiza bondeni, akamfundisha kukata bila kujikata, kuanika, kusuka ukingo usiofumuka. Alimfundisha hata fundo, ingawa Musoki alilifunga kuelekea kulia, na Pétronille, kama mama yake, kuelekea kushoto. Walikula sahani moja. Musoki alimwita mama, na si kwa adabu tu.

Ndipo likaja shirika la kulinda ndege, na agronome wake, yaani bwana shamba, Paul, mtu wa viatu safi. Aliuliza nani anayelijua bonde. Mtaa mzima ukamwonyesha Pétronille, naye akavaa kitenge chake cha Pasaka akaenda. Paul alimsikiliza saa nzima, akafurahi, akampa karatasi ya kujaza ya kuombea kazi ya mlinzi wa ndege. Pétronille hakujua kuandika zaidi ya jina lake. Akamwita Musoki amjazie, na Musoki akamjazia kwa mwandiko mzuri, mstari kwa mstari, kila kitu ambacho mama yule alikijua kuhusu korongo.

Baada ya wiki mbili jile la mlinzi lilikuja, na lilikuwa la Musoki.

Paul alieleza kwamba mlinzi lazima aandike ripoti kila wiki, na kwa Kifaransa. Musoki naye alikuja jioni ile akalia, akasema hakuomba kazi hii, ni mwandiko wake ndio uliomponza. Pétronille alimwambia Mungu ambariki. Lakini aliona vizuri kwamba Musoki, pamoja na machozi yote yale, hakulirudisha jile. Na wewe ungelirudisha? Hata mimi nisingelirudisha. Ila jaribu kumweleza hivyo mtu anayechomwa na kijicho.

Kuanzia hapo kila kitu kikamchoma. Darubini shingoni mwa Musoki ilimchoma. Salamu za chef, mkuu wa mtaa, ambaye zamani alimpungia mkono yeye kwanza, zilimchoma. Kanisani alikaa nyuma ya Musoki akahesabu mara ngapi watu wanageuka kumwangalia. Musoki alipopata mshahara wa kwanza alimletea kilo mbili za sukari na miche minne ya sabuni. Sukari akaigawa kwa jirani ili ionekane hakuitaka. Sabuni akaitumia.

Kilichommaliza kabisa ni fundo. Mwaka ule korongo walipotaga, Pétronille ndiye aliyeona kiota, akamshika Musoki mkono akampeleka ndani ya maji hadi kifuani. Mayai matatu. Aliinua mikono akusanye vichwa vya mafunjo kama miaka yote, na Musoki akasema, kwa aibu, kwamba agronome ameagiza mwaka huu mafundo yote yafungwe na mlinzi. Pétronille akashusha mikono. Alisimama pale majini akitazama vidole vya mwanafunzi wake vikifunga, kuelekea kulia. Kisha Paul akakataza mtu yeyote kukisogelea kiota hadi siku ya kuhesabu mayai, ndege wasije wakakikimbia. Musoki akabaki kulinda kutoka mlimani kwa darubini, na kutoka mlimani huoni kiota, maana korongo hutua mbali akatembea kwa siri hadi kwake.

Siku ya kuhesabu haikuwa mchezo, na kila mtu alilijua hilo. Wafyatua matofali walikuwa wameomba upande wote wa juu wa bonde, na chef alikuwa amesema wazi mbele ya watu: kikionekana kiota chenye mayai, bonde litafungwa miaka mitatu kwa jembe na kwa matofali, wakataji wa mafunjo peke yao ndio watakaoingia. Kisipoonekana, wafyatuaji wataanza Jumatatu. Akaagiza asiingie mtu bondeni hadi hesabu iishe.

Pétronille alitaka bonde lifungwe kuliko mtu yeyote. Lakini alitaka pia jambo la pili, na la pili ndilo lililokuwa likimwamsha usiku. Akilini alimwona Musoki akiwapeleka wakubwa kwenye kichaka kitupu. Alimwona Paul na viatu vyake vimejaa matope, akigeuka na kuuliza: basi nani anajua? Naye angejitokeza, taratibu, asijisifu, na kusema: twendeni huku.

Alfajiri ya siku ile aliingia majini. Jike la korongo lilikuwa limelala juu ya mayai, likamtazama bila kuinuka, maana walijuana. Akafungua fundo la Musoki. Akatembea hatua mia kuelekea chini, akachagua kichaka kisicho na kitu, akakifunga. Kisha akaenda nyumbani akajipaka mafuta, akavaa kitenge cha Pasaka.

Mambo yakaenda kama alivyoyaota, na hilo ndilo baya lake. Saa tatu walikuwepo Paul, chef, wafyatuaji wawili wakiwa wamesimama pembeni kwa heshima, na wakataji. Musoki aliwaongoza moja kwa moja hadi kwenye fundo. Alifungua majani, akapekua, akapekua tena. Alishika lile fundo kwa vidole viwili, akalitazama muda mrefu, akaliachia. Paul alikuwa na matope hadi magotini. Akauliza mbele ya watu kama hii ndiyo kazi anayolipiwa, na Musoki akainamisha kichwa.

Utamu ulimpanda Pétronille hadi kooni. Akangoja kidogo, afaidi. Kisha akasema kwamba yeye anajua kilipo, wamfuate. Alitangulia, mgongo umenyooka, wakubwa wote nyuma yake. Muda mrefu haukuwa umepita tangu watu wamfuate hivyo, lakini kwake ulikuwa kama miaka.

Hawakufika mbali. Emérance, mkataji mwenzao, alikuwa anatoka ndani ya mafunjo na mzigo mkubwa kichwani. Alikuwa amelala siku tatu Bule kwenye msiba, amerudi jana yake usiku, agizo la chef hakulisikia. Alikuwa na oda ya mikeka ya dari, akatafuta mafunjo marefu, akayapata. Kifuani alikuwa ameshika kitambaa kilichofungwa, na alipomwona Pétronille akafurahi kweli.

"Mama, nilikuletea hii mayai. Fundo ilikuwa imefunguliwa, nikasema ndege imeyaacha. Ila ile ndege ilikatala kutoka, mpaka niliitupia matope."

Akafungua kitambaa. Mawili yalikuwa mazima, la tatu limepasuka, na ndani yake kulikuwa na kitu chenye mdomo tayari.

Juu yao korongo wawili walikuwa wakizunguka na kulia, na sauti ile, aliyekaa karibu nao anaijua, si ya kuzoea. Pétronille alitazama nyuma ya Emérance. Kichaka chote kilikuwa kimelala, visiki vyeupe juu ya maji. Paul akayagusa mayai kwa mgongo wa mkono, akasema yamepoa, na hata yasingepoa, hakuna tena mahali pa kuyarudisha. Mfyatuaji mmoja alikohoa. Chef akasema, bila furaha, kwamba neno lake ni lile lile, na Jumatatu ni Jumatatu.

Kisha Paul akauliza nani alifungua fundo. Wakataji wote wakageuka kwa Musoki, kwa kuwa mwaka ule mafundo yalikuwa yake, na aliyefunga ndiye anayefungua. Hata Emérance aligeuka. Hakuna jicho hata moja lililomwendea Pétronille. Paul akamwambia Musoki atoe daftari aandike sasa hivi: kiota kimoja, kimeharibiwa, mayai matatu, yamepotea. Sababu: uzembe wa mlinzi. Aandike, atie saini, na jile alirudishe ofisini.

Jile. Pétronille alilisikia neno lile, na sitaficha kitu, moyo wake uliruka mara moja, kama mtoto aliyesikia mlango wa kabati la sukari. Ukakoma. Alimwona Musoki amelaza daftari juu ya paja lake lililolowa, anaandika. Hakujitetea. Alikuwa anaandika uzembe wa mlinzi kwa mwandiko ule ule mzuri.

Pétronille akasogea, akainama kana kwamba anamsaidia kushika daftari, akamwambia kwa sauti ya chini asiandike hivyo. Musoki hakuinua kichwa.

"Najua ni weye, Mama. Ile fundo ya kule chini ilikuwa ya kushoto. Acha tu niandike. Miye iko kijana, nitapata kazi ingine. Weye bakikuona muongo mu hii bonde, utaenda wapi?"

Hapo watu hupenda kusema kwamba Pétronille aliguswa akatubu. Wasimpambe. Yeye mwenyewe alipokuja kuniambia, alisema alichokisikia pale ni wivu, mkubwa kuliko ule wa jile na wa darubini na wa salamu za chef. Huyu mtoto, aliyekuja na godoro moja, alikuwa amemzidi kuandika, amemzidi kupendwa, na sasa alikuwa anamzidi wema, kimya kimya, bila mtu kujua ila wao wawili. Na hilo angeishi nalo kila siku, kila akimwona akipita bila jile. Hapana. Kuna wema ambao mtu hawezi kukubali kufanyiwa.

Akanyooka. Alikitazama kitambaa mikononi mwa Emérance, kile kidomo kidogo, na hapo tu ndipo machozi yalipomtoka.

"Agronome, mwambie afute. Ni miye nilifungua," alisema. "Nilitaka mumuone hajui kitu."

Paul aliuliza kama anaelewa anachokisema. Wanawake tisa aliowafundisha kufunga na kufungua walikuwa wamesimama majini wanamtazama, na Emérance alirudi nyuma hatua moja na kitambaa chake, kana kwamba Pétronille angemnyang'anya. Pétronille alisema anaelewa. Musoki akafuta, akaandika upya, akampa daftari aweke jina lake. Hilo alijua kuliandika.