Nimezunguka Karatu nzima kutafuta simu yenye LDAC, wanaofaidi ni bibi na ng'ombe wake

Wakuu, salamu zenu. Wale wa "bila picha ni chai" mtulie kwanza. Picha zipo, ila ziko kwenye simu yangu, na simu yangu iko kwa bibi. Hapa naandikia ya dada. Hakuna fiksi, hata pale mtakapotamani iwe fiksi.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, nyumbani Qurus, nipo likizo.

Dada yangu Neema anafanya kazi lodge, huku juu karibu na geti la Ngorongoro. Mgeni mmoja badala ya tip ya kawaida akamwachia earphone zake za wireless, alikuwa ameshanunua nyingine. Dada na muziki wapi na wapi, akanipa.

Binamu yangu Eli, ambaye ni guide, akaniunganishia kwenye simu yake kali. Wakuu, nilimsikia mwimbaji anavuta pumzi kabla ya kuanza ubeti. Pumzi! Wimbo ninaoujua tangu darasa la sita, sikuwahi kujua kama yule mtu anapumua.

Nikaziunganisha na simu yangu. Pumzi hakuna. Jamaa anaimba kama amefungiwa kwenye debe la mahindi.

Kwa wasiojua: Bluetooth haibebi muziki mzima mzima, simu inaufinya kwanza. Namna ya kuufinya ndiyo inaitwa codec. SBC inafinya kama mtu anayefunga godoro kwenye bodaboda. LDAC ina ubinadamu kidogo. Ila lazima simu iwe nayo na earphone ziwe nazo. Earphone zangu zilikuwa nayo. Simu yangu, niliyorithi kwa mzee, ilikuwa na SBC na tochi.

Sasa kwenye hela ya simu ndipo shida ilipoanzia.

Bibi ana ng'ombe anaitwa Mzungu, kwa sababu ya rangi. Akiwa ndama alitumbukia korongoni, tangu hapo anachechemea mguu wa nyuma. Watu wote walimwambia bibi auze, akagoma, akamvisha na kengele. Akampeleka Oloipiri kwa mwanae wa mwisho, baba mdogo Safari, ambaye ameoa huko na anafuga. Bibi akaniahidi: "Mume wangu, ukimaliza form four ndama wa Mzungu ni wako." Mimi tayari nilishamuona yule ndama kama simu yenye miguu minne.

Kiangazi kilichopita baba mdogo akapiga: Mzungu amekufa, na ndama wake pia.

Bibi hakula siku ile. Mimi nililia, ila tuwe wakweli, nilikuwa naililia simu.

Mzee akanihurumia, akasema atanunua moja, nichague mara moja na nisirudi kumsumbua. Tukaenda mjini Karatu.

Hapa wakuu naomba mniombee, maana hasira bado zipo.

Duka la kwanza nauliza, "Bro, hii ina LDAC?"

"Ipo."

"Naomba nione kwenye settings."

"Dogo, nimeshakwambia ipo. Hata Facebook inaingia."

Akafungulia spika mpaka mwisho, mama muuza ndizi nje akaanza kucheza. Nimekuja kununua cha kuweka masikioni, mtu ananiuzia cha kuendeshea harusi!

Duka la pili nikaamua kujihudumia. Unaenda kwenye build number, unabonyeza mara saba, inafunguka developer options, humo unaona codec. Nilipofika mara ya tano muuzaji akaninyang'anya. "We dogo, unaniflashia simu!"

Na mzee naye ana vipimo vyake. Kila simu anawasha tochi mchana kweupe, anaitazama kama daktari wa macho, halafu anauliza, "Hii inashika mtandao Qurus? Ikidondoka kutoka kwenye trekta je?"

Eli nikampigia aniokoe. Akasema chukua yenye kamera nzuri, utapiga tembo. Tembo gani mimi, nasoma PCB!

Mwishowe, kwenye kiduka cha simu used, nikaikuta moja, mgongo umepasuka. Nikaiunganisha na earphone zangu, nikafungua settings: LDAC. Nikaweka ule wimbo. Jamaa akavuta pumzi. Nilitaka kumkumbatia muuzaji.

Mzee aliitazama, akatazama na zile mpya kabatini. "Mpya zote hizi umechagua kilema. Umemrithi bibi yako na ule ng'ombe wake."

Nikafaidi wiki moja. Moja tu wakuu.

Kila baada ya muda baba mdogo humtumia bibi voice note kwenye simu ya mzee. Bibi masikio yamechoka kidogo, kuku nao hawanyamazi, kwa hiyo husikia nusu. Siku hiyo mzee yuko shambani, voice ikaja kwangu. Kwa kiherehere changu nikamvisha bibi earphone.

Baba mdogo anasema: "Mama shikamoo. Huku hali ngumu, ng'ombe wameisha, nimebaki na mbuzi tu. Nitumie maharage."

Bibi akasema, "Rudisha."

Nikarudisha.

"Rudisha tena. Huyo Safari mwache aongee, mimi nasikiliza kule nyuma yake."

Nikachukua upande mmoja. Kweli, kwa mbali kuna kengele. Ko... koko. Ko... koko.

"Huyo ni Mzungu," bibi akasema.

"Bibi, kengele zinafanana."

"Kengele zinafanana. Na kuchechemea?"

Akaniambia nimrekodi. Alisema hivi tu: "Safari, Mzungu amefufuka lini? Mbona hukunialika kwenye ibada?"

Baba mdogo akapiga hapohapo. "Mama, ile kengele nilimvisha mwingine."

"Na mguu ulimvisha?"

Akajaribu kusingizia mtandao, bibi akamsubiri. Mwisho akasema, "Mama, yupo na ndama wake, watoto wanakunywa maziwa yake. Nilisikia ndama anauzwa kwa ajili ya simu, nikajua na mama yake atafuata."

Kwa hiyo kumbe aliyemuua Mzungu ni mimi na LDAC yangu.

Bibi alinitazama kwanza mimi, ndipo akatoa hukumu. Mzungu abaki Oloipiri, watoto wanywe. Ndama ni wangu, ila marufuku kuuza mpaka azae. Na kila Jumapili baada ya kanisa Safari atume voice, asiongee chochote, ng'ombe atembee tu.

Tangu siku hiyo earphone ni za bibi. Jumapili anakaa uani na simu yangu, macho kafumba, anasikiliza ng'ombe anatembea. Nikisogea ananiambia, "Kausha, Mzungu anapita."

Voice note wakuu! Kitu kimeshafinywa huko kilikotoka mpaka kimebaki mifupa, LDAC haiongezi hata unywele. Kilichomsaidia ni kwamba earphone zinaziba kelele za kuku. Hata ile simu yangu ya debe ingetosha.

Nilichojifunza: nenda dukani na earphone zako, fungua settings mwenyewe, usimwamini anayesema "ipo". Na kabla ya kulilia codec jiulize utasikiliza nini, na nani yuko karibu yako.

Nimefikiria nitumie za waya. Nimegeuza simu juu chini. Haina tundu.

Mliowahi kumnyang'anya bibi yenu kitu bila kupata laana, comment ziko wazi. Andikeni haraka, dada anataka simu yake.