Karanga za Azeta

Miji yetu midogo imenichosha. Miaka thelathini na moja natengeneza vyerehani kutoka Koudougou hadi Po, hadi Manga, hadi Tenkodogo, na siku hizi nikishuka stendi hunibidi nisome kibao nijue niko wapi. Vumbi jekundu ni lile lile, chai ya maziwa ya kopo ni ile ile, na mafundi nguo wote wanaapa kwamba cherehani chao hakijawahi kuanguka. Magoti yangu yana kutu kuliko mashine zao.

Garango tu ndiyo iliyokuwa na sura, na sura yenyewe ilikuwa ya Azeta Banse, mjane aliyeuza wali na maharage karibu na soko na kupangisha chumba kimoja nyuma ya jiko lake. Alizaa watoto sita, akazika wanne. Mumewe alikwenda kwenye mashamba ya kakao upande wa Abidjan, akarudi baada ya miaka tisa, akafa mwezi ule ule. Hayo nilisimuliwa na wengine. Mimi na yeye hatukuzungumza mambo kama hayo, kwa sababu yeye ni Mbisa na mimi ni Mgurunsi, na Wabisa na Wagurunsi ni watani tangu enzi za mababu. Watani hawapeani pole.

“Mtumwa wangu umekuja,” alisema kila nilipoingia na begi langu la vifaa. “Nani amekufungua kamba?”

“Nimekuja kulinda karanga za mji. Nasikia sasa unawanyang’anya hata panya.”

Sisi Wagurunsi huwatania Wabisa kwa kupenda karanga. Kila jioni alinisukumia sahani yake, na kila jioni niliirudisha nikisema hicho ni chakula cha Wabisa. Miaka yote hiyo sikuonja hata moja.

Mwaka jana miguu yake ilianza kuvimba.

“Bazie,” aliniambia, “siku nikifa uje. Ukilia nitaamka nikuzabe kofi. Nataka watu wacheke mpaka washike mbavu.”

“Nitakuja na ngoma. Hatimaye nitapumzika na domo lako.”

“Ahidi, we mtumwa.”

Nikaahidi. Maiti ya Mbisa haipaswi kutoka nyumbani kabla Mgurunsi hajakaa mlangoni kuizuia na kumwigiza marehemu. Asipotokea, marehemu ameondoka kinyonge, kama mtu asiye na watu.

Habari ilinikuta Tenkodogo asubuhi, cherehani cha mtu kikiwa kimefunguliwa mezani. Nilifika Garango kabla ya alasiri. Njia nzima nilitafuta mzaha hata mmoja, nikakosa. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na huzuni ambayo mtani haruhusiwi kuwa nayo.

Mwanawe, Lasane, alinipokea uani. “Tunakungoja wewe tu, mzee Bazie. Mama alisema usipokuja tusimtoe.”

Nikajifunga kitenge cha Azeta, nikavaa kilemba chake, nikashika mwiko, nikaketi katikati ya mlango.

“Mnanipeleka wapi na maharage yangali motoni?” nilisema kwa sauti yake. “Yakiungua mtakula nini, walafi nyinyi?”

Wakacheka. Nikainuka, nikachota karanga jikoni kwake, nikazimwaga kando ya jeneza lililokuwa bado wazi.

“Huyu mwongo, hajafa,” nikawaambia. “Subirini. Hakuna Mbisa anayelala karanga zikiwa karibu na mkono wake.”

Watu wakangoja, ndivyo inavyofanywa. Nami nikangoja. Nadhani nilingoja kweli. Sanda haikutikisika.

Hapo nikalia. Nililia kwa sauti, kilemba kikaanguka, kamasi zikanitoka. Ua mzima ukaangua kicheko. Wanawake waliegemeana.

“Mgurunsi huyu kiboko,” mzee mmoja akasema. “Mtazame anavyojua kujiliza.”

Nilipozidi kulia wakazidi kucheka, wakashika mbavu kama alivyotaka.

Lasane akaziokota zile karanga, akazitia kiganjani mwangu kama malipo ya mtani ili niwapishe, akaninyanyua. “Mzee, hatujawahi kuona mtani akiigiza kilio vizuri hivi.”

“Ndiyo kazi yetu,” nikamjibu.

Asubuhi iliyofuata nilipanda basi la Zabre. Karanga zilikuwa bado mfukoni. Nilikaa dirishani nikazila zote, moja moja, mimi Mgurunsi, na hakukuwa na mtu wa kunicheka.